Sumaku za Kumwaga

Kama wivu ungekuwa ajira, Isaka Mwakipesile angekuwa amestaafu na pensheni nono. Aliwahi kumwonea wivu jirani yake kwa sababu ya mbwa, eti anaitwa mara moja na anakuja. Aliwahi kununa Jumapili nzima kwa kuwa mchungaji alimpa mkono mtu wa benchi la nyuma kabla yake. Hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alikuwa fundi spika pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, na spika za makanisa na kumbi za harusi zilipanga foleni mlangoni kwake kila Pasaka ilipokaribia. Shida yake ilikuwa moja tu. Alitaka awe yeye ndiye anayeulizwa, na ukimpita ukamuuliza mwingine, chakula chake cha siku hiyo hakina ladha.

Mkewe, Tekla, alikuwa Mhehe wa Ipogolo, kule chini ya mji wa Iringa barabara kuu inapopita. Alipoolewa alikaa ndani ya banda la mumewe akisuka koili za spika, waya mwembamba kama unywele, mzunguko juu ya mzunguko, na hakuwahi kukata waya. Isaka alijivunia mkono huo. Alijivunia kwa namna ambayo mtu hujivunia koleo zuri alilonunua mwenyewe.

Sasa, sumaku ya spika ni pete nyeusi, nzito, ngumu kweli, lakini ikidondoka sakafuni inavunjika kama sahani ya udongo. Vipande vya pete hizo Isaka alikuwa anavitupa nyuma ya banda, na kwa miaka vikawa kichuguu. Tekla alipokwenda kwao kwenye msiba, akamkuta Ezron Kalinga, fundi wa mashine za kusaga, ana kichuguu kama hicho uani kwake. Tofauti ni kwamba Ezron alikuwa hakitupi. Alikuwa anakisaga.

Kazi yenyewe Ezron alimwonyesha wazi, hakuficha kitu. Vipande vinapondwa kwenye kinu cha chuma mpaka viwe unga mweusi. Unga huo bado una sumaku yake ya zamani, kila chembe inang'ang'ania mwenzake, huwezi kuufanyia lolote. Kwa hiyo unakaangwa juu ya mkaa mkali, chombo kinawaka wekundu, mpaka sumaku yote itoke na unga umwagike laini kama masizi. Kisha unachekechwa kwa kitambaa, unakandwa na gundi ile ya mirija miwili, na unamwagwa kwenye kalibu iliyowekwa katikati ya koili kubwa yenye umeme. Gundi ikiwa bado mbichi, chembe zinageuka zenyewe na kuelekea upande mmoja. Gundi ikikauka, zimebaki hivyo hivyo. Mwisho unaipiga kwa umeme wa ghafla kutoka kwenye kapasita, mara moja tu, na kile kipande cha uji uliokauka kimekuwa sumaku.

Tekla alirudi Mbeya akaanza kumwaga. Sumaku yake haikuvuta kama pete nzima, maana sehemu yake ni gundi na gundi haivuti kitu. Lakini haikupasuka ikianguka, na ilikubali umbo lolote utakalo. Ndipo wenye mashine za kusaga walipomgundua. Mahindi ya gunia huja na misumari, nati, vipande vya waya, na vyote hivyo vikiingia mashineni huchana chekeche na kuishia kwenye unga wa watu. Sumaku ya spika, pete ya duara, haikai vizuri kwenye koo la mashine. Tekla alimwaga kola nzima inayozunguka koo kama ukosi wa shati, na kila chuma kilichopita kilinaswa pale. Watu wakaziita sumaku za kumwaga. Halafu wakaziita sumaku za Mama Tumpe, kwa jina la binti yao.

Hapo ndipo roho ya Isaka ilipoanza kumuuma kwelikweli. Mteja anaingia bandani, anamsalimia vizuri, ugonile fundi, halafu anauliza, "Mama yupo?" Anampita yeye, meza yake, bisibisi zake na spika zake kubwa zinazonguruma, anakwenda uani alipo mwanamke mwenye ndoo na kijiko. Isaka alitabasamu. Alijikaza kisabuni. Lakini jioni alikuwa anakula kimyakimya, na akiulizwa ana nini, anasema gesi ya tumbo.

Kuonea wivu mkono wa mke wako ni jambo gumu kulisema, hata kwako mwenyewe. Kwa hiyo wivu wa Isaka ulitafuta mahali pengine pa kukaa, ukampata Ezron. Na hapo ulipata chakula cha kutosha. Kwanza, Ezron ndiye aliyekuwa anatuma unga, maana kinu cha chuma na moto mkali vilikuwa kwake. Pili, aliwahi kupeleka posa kwao Tekla zamani, ikarudishwa. Tatu, na hili ndilo lililomkosesha Isaka raha, wawili hao walizungumza kwa simu kwa Kihehe.

Isaka alikuwa Mnyakyusa na Kihehe chake kiliishia kwenye salamu ya kamwene. Alikaa mezani akishika bisibisi bila kuitumia huku Tekla akiongea uani. Maneno yalikuwa yanapita asiyoyajua, halafu katikati linatokea neno moja analolijua, "gundi", kisha mengine, kisha "joto", kisha Tekla anacheka. Nani anacheka kwa sababu ya gundi? Isaka alimwoa mwanamke huyu, amekula naye, amezaa naye, na hakumbuki kama aliwahi kumchekesha namna hiyo kwa habari ya gundi.

"Mnaongea nini muda wote?" aliuliza siku moja.

"Unga," Tekla akajibu. "Anasema safari hii ameuchekecha mara mbili."

"Mara mbili. Na hilo ndilo la kuchekesha?"

"Chekeche lenyewe ni gauni la zamani la mkewe. Mke amelitafuta wiki nzima la kuvaa kanisani."

Isaka akacheka kidogo, kwa adabu. Lakini hakuamini kwamba kuna gauni.

Unga ulikuwa unakuja kwa basi, kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku ya balaa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye meno. Tekla alipokea ndoo, akaipima uzito kwa mkono, akasema, "Ameniwekea mzuri leo, nimeambiwa," akatabasamu, akaiweka pembeni na kwenda mazoezi ya kwaya.

Ameniwekea mzuri. Isaka aliyarudia maneno hayo mezani mpaka yakaota meno. Mzuri nini? Unga ni unga. Kuna kitu kimewekwa ndani ya ndoo ile, akajiambia, barua, pete, kitambaa, kitu. Akafunga mlango wa banda mchana kweupe, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Lakini unga ule ni mweusi na haubembelezwi. Ukiingiza mkono humo, utaoga na sabuni ya mche mpaka iishe na kucha zako bado zinakusema. Tekla angeona. Isaka, kwa bahati mbaya yake, alikuwa fundi, na fundi ana njia. Alichukua sumaku ndogo ya rangi ya fedha, ile kali inayotoka kwenye kompyuta mbovu, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni. Ukiishusha kwenye unga, unga unaparamia mfuko. Ukiipeleka juu ya gazeti na kuitoa sumaku mfukoni, unga unadondoka wote, na mkono wako msafi kama wa karani. Akahamisha ndoo nzima hivyo, teko kwa teko, mpaka akaona plastiki ya chini.

Hakukuwa na kitu. Akarudisha unga ndoo ile ile, akafunga mpira wa baiskeli kama ulivyokuwa, akakagua vidole vyake mlangoni kwenye mwanga. Vilikuwa visafi. Alijisikia mwerevu, na kwa muda mfupi alijisikia hata na mapenzi kwa mkewe.

Ukitaka kujua wivu unavyompumbaza mtu, tazama hapo. Fundi wa sumaku wa miaka yote ile, anayejua kwamba unga wa kumwaga hukaangwa ili sumaku itoke, alichukua unga uliokaangwa na kuusugua wote kwa sumaku kali kuliko zote alizonazo. Halikumjia kabisa kichwani. Alikuwa anawaza vidole vyake.

Jumatatu Tekla alimwaga kola kwa ajili ya Tusekile, mama mmoja wa Uyole mwenye mashine kadhaa za kusaga, anayesikilizwa na wenzake wote. Walikuwa wamekubaliana hivi: kola moja kwanza, ikifanya kazi, mashine zake zote, na wenzake watafuata. Tekla alikuwa ameisubiri kazi hiyo kwa muda mrefu. Wakati anakanda aliona vibonge vinakataa kuvunjika. Akaviponda kwa kijiko, akasema ni baridi, gundi imekuwa nzito. Isaka alisikia toka mezani na hakuinua kichwa.

Kola ilitoka ina sura nzuri. Wiki haikuisha, Tusekile alikuja nayo mkononi, na wateja walikuwepo. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama Tumpe, nati imepita hapa, upande huu. Imechana chekeche, na unga nimewamwagia nguruwe. Halafu tazama, inamomonyoka." Akaikuna ukingoni kwa kucha, chembe nyeusi zikadondoka mezani. "Niliwaambia wenzangu habari zako. Sasa niwaambie nini?"

Tekla aliichukua kola, akapitisha msumari juu yake polepole. Mahali pengine msumari ulinasa, mahali pengine uliteleza kama juu ya kipande cha mti. Uso ukamshuka. Alisema samahani mama, mara moja tu, na Tusekile aliondoka bila kuaga wateja.

Kisha Tekla alipiga simu Ipogolo, na safari hii aliongea Kiswahili, ili kila aliyekuwa pale asikie. "Ezron, umenitumia unga mbichi. Hukukaanga. Uvivu wako wa kuwasha mkaa umeniharibia jina mbele ya watu. Kama umechoka kazi sema, usinifanye mtoto."

Na Isaka? Isaka alifurahi. Niseme ukweli kama ulivyokuwa, alifurahi kweli. Alimsikia mkewe akimfokea mwanaume yule kwa maneno ambayo yeye mwenyewe amekuwa akiyatafuta kwa miaka. Alimwekea chai. Alimwambia pole mama, watu hawaaminiki siku hizi. Upande wa pili wa simu Ezron alisema neno moja tu, nakuja.

Alikuja kesho yake kwa basi la asubuhi. Isaka alikuwa hajamwona tangu harusi, na kichwani kwake Ezron alikuwa amekua mrefu, mpana, na mwenye meno mazuri. Aliyeingia bandani alikuwa mtu mfupi mwenye koti kubwa, mafua yamemkamata, nyusi moja imeunguzwa na moto wa mkaa.

"Shemeji," alimsalimia Isaka kwa heshima, na neno hilo peke yake lilimkera Isaka. Kisha akaomba unga uliobaki ndooni.

Aliumwaga kidogo juu ya gazeti, akachukua msumari mpya kabisa, akauchovya. Msumari ulitoka na ndevu. "Uliokaangwa hauoti ndevu kwenye msumari mtupu," alisema. "Kwa hiyo hapo uko sawa, Mama Tumpe, unga huu una sumaku." Akanusa, akausugua kati ya vidole, akamwonyesha Tekla. "Lakini tafuta chembe ya rangi au ya gundi ya zamani ya spika humu. Huipati. Vyote viliungua. Unga ulikaangwa, kisha ukaguswa na sumaku."

"Labda kwenye basi," Isaka akasema haraka. "Wanapakia spika na kila kitu mle chini."

Ezron aligeuka akamtazama, bila ubaya. "Spika ingegusa wa pembeni, shemeji. Huu umeguswa wote, mpaka wa katikati. Mtu ameuinua."

Watu wa kazi ile wote wanajua unga unainuliwaje, na wanajua sababu ni moja, hutaki kuchafua mikono. Tekla alitazama meza ya mumewe, na mfuko wa nailoni ulikuwa hapo hapo chini ya bisibisi, mweusi kwa nje na msafi kwa ndani. Isaka hakuwa hata ameutupa.

"Ni mimi," alisema Isaka.

"Ulikuwa unatafuta nini?" Tekla akauliza.

Kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu mbele ya mgeni, na hasa mbele ya mgeni yule. Ezron ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema basi la kurudi halitamsubiri, na akatoka bila kunywa chai iliyokuwa mezani.

Tekla hakufoka. Alikwenda Uyole kwa Tusekile akasema kosa limetokea nyumbani kwake na halitarudi, na jina la mtu hakulitaja. Tusekile alimpa nafasi moja, kola moja, ya mwisho. Aliporudi akamwambia mumewe, "Nimemtukana mtu kwa mdomo wangu kwa kazi ya mkono wako. Kwetu, hilo mwanaume wa nyumba ndiye anakwenda kulisema. Na bila unga wake, mimi sina kazi. Kwa hiyo utakwenda."

"Tekla, mpigie tu simu."

"Utakwenda, Baba Tumpe."

Alikwenda. Kutoka Mbeya mpaka Ipogolo njia ni ndefu, na Isaka aliimaliza yote akipanga maneno na kuyapangua. Alimkuta Ezron uani, mbele ya moto, akigeuza unga kwa fimbo ya chuma. Mkewe Ezron, Anjela, alimletea kigoda na kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi. Juu ya kamba ya nguo nyuma yake lilining'inia chekeche la kitambaa chenye maua mekundu, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba hilo lilikuwa gauni.

Isaka alisema aliyokuja kuyasema. Aliyasema vibaya, akirudia, lakini aliyasema yote, hata lile la kutafuta barua. Ezron aliendelea kugeuza unga mpaka wekundu ulipoanza kuonekana pembezoni.

"Posa nilipeleka kweli," alisema hatimaye. "Nilimtaka sana. Nililia, kama unataka kujua, na Anjela anajua. Yeye alikutaka wewe." Akapiga chafya, akajifuta kwa mkono wa koti. "Mpaka leo sijui aliona nini. Lakini unga nitauza, kwa sababu anamwaga vizuri kuliko mimi, na ningependa sumaku zetu zifike Zambia."

Zetu. Neno lile lilimchoma Isaka pale pale, juu ya kigoda cha watu, akiwa na ulanzi wa watu mkononi. Alilimeza. Alisubiri unga upoe, wakaujaza ndooni wakiwa wawili, akarudi nao Mbeya akiwa ameukumbatia.

Tekla alimpokea mlangoni. Alichukua ndoo bila kuuliza habari za safari, akaiweka katikati ya meza ya Isaka, juu ya spika zake, akatandaza gazeti. Akafungua mpira wa baiskeli. Kisha akaingiza mikono yote miwili mpaka viwiko, mitupu, na kuanza kuutoa unga, teko baada ya teko, bila haraka, mpaka ndoo ikabaki tupu. Akaiinamisha upande wa mumewe ili aone ndani mpaka chini.

"Tazama vizuri," alisema.

"Nimetazama, Tekla. Yameisha hayo."

Aliurudisha unga wote kwa mikono ile ile, akafunga, akaenda kunawa, na maji yalikuwa meusi kwa muda mrefu.

Kola ya Tusekile ilifanya kazi, na nyingine zikafuata, na leo ukipita Uyole huwezi kusaga debe la mahindi bila kupita kwenye mkono wa Tekla. Ndoo bado zinakuja kwa basi. Kila inapofika, awepo mteja au asiwepo, Tekla anaibeba mpaka kwenye meza ya mumewe na kuimwaga yote mbele yake kwa mikono mitupu, mpaka chini. Isaka amemwomba aache. Amemwomba kwa upole, amemwomba kwa hasira, na mara moja amemwomba kwa machozi. Tekla humsikiliza mpaka mwisho, halafu hukunja mikono ya gauni lake.